Kaseti na Mizani: Kuinuka na Kushuka kwa Bongo Records

Waandikao historia ya muziki wa kufokafoka katika Tanzania wana desturi ya kusimama Dar es Salaam na kuitazama nchi nzima kutoka huko, mfano wa mtu asimamaye bandarini akahesabu majahazi yanayotoka bila ya kuuliza yanakwenda kutia nanga wapi. Desturi hii ina sababu yake. Studio zilikuwa Dar es Salaam, redio kubwa zilikuwa Dar es Salaam, na maduka ya jumla ya kaseti yalikuwa Kariakoo. Lakini bidhaa haijulikani vema kwa aliyeitengeneza peke yake. Hujulikana vilevile kwa yule aliyeinunua mwisho, mbali na kiwanda, kwa fedha aliyoitolea jasho. Kwa hiyo habari za Bongo Records, lebo ambayo nyimbo zake zilitia fora katika miaka ya mwanzo ya karne hii, zinafaa kusimuliwa huku Bariadi ikiwa mbele ya macho.

Bariadi leo ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kukusanywa wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Katika zama zinazosimuliwa hapa mkoa huo haukuwapo. Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, na nchi ya Busega ilikuwa sehemu ya Magu katika Mkoa wa Mwanza. Wenyeji walio wengi ni Wasukuma, na mali yao ni ng'ombe na pamba. Pamba hupandwa mvua za mwisho wa mwaka zianzapo, huchumwa mvua za masika zikiisha, na fedha yake huingia mifukoni katika miezi ya kiangazi. Mtu akitaka kujua ni lini baiskeli mpya, redio mpya au kaseti mpya zilinunuliwa katika nchi hiyo, na aulize kwanza pamba ilinunuliwa lini.

Mashindano ya nyimbo hayakuletwa huko na redio. Tangu karne ya kumi na tisa Wasukuma wamegawanyika katika vyama viwili vya ngoma, Wagalu na Wagika, vilivyoanzishwa na waganga wawili mahasimu, Gumha na Ngika. Mavuno yakiisha, vyama hivyo hukutana uwanjani siku moja na saa moja, kila kimoja upande wake, wala hakuna mwamuzi aketiye mezani na karatasi. Mwamuzi ni watu. Upande uliovuta umati mkubwa ndio ulioshinda, na upande uliokimbiwa na watazamaji umeshindwa hata kama nyimbo zake ni tamu. Ndiyo maana wachezaji hubuni vituko, huleta nyoka, huleta nungunungu, hurusha majembe hewani, na zaidi ya yote hutegemea kinywa cha ningi, yaani mtunzi, ambaye kazi yake ni kumsifu wa kwake na kumvua nguo wa upande wa pili kwa maneno. Dawa za kuvuta watu hutumika pia, na mtu aliyeshindwa hawezi kukosa kusema kwamba alishindwa kwa dawa.

Kijana aliyekulia katika uwanja kama huo hakuhitaji kufundishwa maana ya vijana wawili wa Dar es Salaam wanaopeana vijembe kwa vina. Alijua. Kilichokuwa kigeni kwake ni kitu kingine: kwamba wimbo wa namna hii uliweza kufungwa ndani ya kisanduku cha plastiki, ukauzwa kwa mtu ambaye hakumwona mwimbaji, na kwamba umati ulioamua ushindi haukuwa tena mbele ya macho ya mtu yeyote. Umati ulikuwapo, lakini ulitawanyika nchi nzima. Nani basi angeuhesabu?

Swali la kuhesabu lina historia yake huko Usukuma, tena historia iliyo maarufu kuliko ya muziki. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi haikusema kweli. Mkulima alileta mzigo aliojua uzito wake kwa mgongo wake mwenyewe, na mizani ikamwambia jambo jingine. Kutokana na malalamiko hayo vilizaliwa vyama vya wakulima ambavyo kazi yake ya kwanza ilikuwa kupima upya. Na chini ya uongozi wa Paul Bomani vikakua hadi kuwa, mwaka 1955, Victoria Federation of Co-operative Unions, shirikisho lililohesabiwa kati ya mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika. Yaliyofuata baadaye hayakuwa yote ya kusifiwa. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, ikavirudisha katika miaka ya 1980, na mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Lakini mzee wa Bariadi aliyeyaona hayo yote alibaki na jambo moja moyoni: asiyeshika mizani hawezi kujua alichouza.

Katika mwaka uo huo wa 1994 ilifunguliwa Radio One. Hadi hapo Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo ilirekodi bendi za dansi, vikundi vya taarabu na kwaya, na ambayo haikuwa na haraka ya kuwakaribisha vijana waliozungumza juu ya ngoma badala ya kuimba. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango. Muziki wenyewe ulikwisha kuingia nchini kabla ya hapo, kwa kaseti na kanda za video kutoka Marekani. Mwaka 1991 Saleh Jabir alitia maneno ya Kiswahili katika mdundo wa Vanilla Ice, na mwaka 1993 vikundi vitatu vya Dar es Salaam viliungana vikawa Kwanza Unit, ambao walitumia Kiingereza kwa sehemu kubwa. Joseph Mbilinyi, aliyejulikana kwa jina la Mr. II na baadaye Sugu, alithibitisha kwa albamu zake za miaka ya 1990 kwamba Kiswahili peke yake kinatosha kubeba albamu nzima. Katika Radio One mtangazaji Taji Liundi akawapa vijana hawa nafasi ambayo wazazi wao hawakuwapa sebuleni. Huko Kanda ya Ziwa ikaanzishwa Radio Free Africa mjini Mwanza, nayo ikasikika katika vijiji ambavyo magazeti ya Dar es Salaam yalifika yakiwa yamefungiwa vitumbua.

Katika hali hiyo ndipo alipotokea Paul Matthysse, ambaye nchi nzima inamfahamu kwa jina la P-Funk Majani. Baba yake alikuwa Mholanzi na mama yake Mtanzania. Alijifunza ufundi wa sauti Uholanzi, na katikati ya miaka ya 1990 akaanzisha Dar es Salaam studio aliyoiita Bongo Records. Jina hilo lilichaguliwa vizuri. Bongo ni akili, na watu wa mitaani walikwisha kuliita jiji la Dar es Salaam kwa jina hilo kwa kuwa asiye na akili hawezi kuishi humo; baadaye nchi yote ikaitwa Bongo, na muziki wenyewe ukaitwa bongo fleva. Studio nyingine zilikuwapo, na haifai kuzisahau. Ile ya Master Jay, MJ Records, ilikuwa mshindani wa kweli na ilikuwa na heshima kubwa. Lakini Bongo Records ilifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida: ilikuwa na sauti yake yenyewe. Mtu aliyesikia vipigo vinne vya kwanza alijua wimbo umetoka wapi kabla ya mwimbaji kufumbua kinywa.

Sauti hiyo inastahili kuelezwa kidogo. Wafokaji wa kwanza waliazima midundo ya Wamarekani na kuipachikia maneno, kama mtu avaaye kanzu ya kuazima akatembea kwa uangalifu asiichafue. Majani alitengeneza midundo yake mwenyewe kwa mashine na kinanda. Ngoma ilikuwa nzito na besi ilikuwa nzito, lakini baina yake aliacha uwazi mpana, na katika uwazi huo aliliweka neno la Kiswahili likae kwa nafasi. Hili ni jambo la lugha kama lilivyo jambo la muziki. Neno la Kiswahili huishia kwa vokali na silabi zake ni nyingi. Mfokaji akilisukuma katika mdundo uliokatwa kwa kipimo cha Kiingereza, hulimeza nusu. Ushairi wa kale uliliponya tatizo hilo kwa vina na mizani, ambapo silabi nane hujibizana na nane. Wafokaji waliviweka vina na kuiacha mizani, na wako wataalamu waliowalaumu kwa hilo. Lawama hiyo haikuwa ya haki. Mizani haikuachwa, ilihamishwa kutoka kwenye mstari ikawekwa kwenye mdundo, na mshika mizani akawa mtayarishaji. Msikilizaji wa Bariadi, ambaye Kiswahili kilikuwa lugha yake ya pili baada ya Kisukuma, aliyasikia maneno yote, naye hakuwa na sababu ya kupenda wimbo ambao maneno yake hayasikiki.

Kazi zenyewe zilifuatana kwa kasi. Mwaka 2000 kundi la Hard Blasters lilitoa Funga Kazi. Mwaka uliofuata mmoja wao, Joseph Haule, aliyeliacha jina lake la kwanza la usanii akajiita Profesa Jay, alitoa albamu yake mwenyewe, Machozi Jasho na Damu, iliyokuwa na wimbo wa Ndiyo Mzee, mzaha juu ya mgombea anayeahidi kila kitu kwa watu wanaoitikia kila kitu. Hapana shaka kwamba wimbo huo ulibadili heshima ya muziki wote. Wazee waliokuwa wakiuita uhuni walicheka, na mtu akishakucheka jambo lake mwenyewe hawezi tena kuliita la kigeni. Katika mwaka huohuo wa 2001 Juma Nature wa Temeke alitoa Nini Chanzo, na baadaye Ugali mwaka 2003. Afande Sele wa Morogoro, aliyepata kuwa askari, alileta maonyo na hekima ya kijijini, na mwaka 2004 akatawazwa mfalme wa vina. Ferooz alitoa Starehe, wimbo wa kijana anayekufa kwa UKIMWI akisimulia alivyofika hapo. Na Albert Mangwair, aliyeitwa Ngwea, alikifanya chumba chake kimoja kuwa hadithi ya kizazi kizima. Wote hao walipita katika mikono ya Majani. Kwa miaka minne au mitano ilikuwa vigumu kufungua redio saa moja bila ya kusikia jina la Bongo Records likitajwa ndani ya wimbo wenyewe, maana kulikuwa na desturi ya kumtaja mtayarishaji katikati ya mashairi, kama vile ningi amtajavyo mganga wake uwanjani.

Sasa tuifuate kaseti moja. Msanii alipokwisha kurekodi, alikuwa na utepe mkuu wa nyimbo kumi au kumi na mbili na picha yake ya jalada. Studio haikuwa na mashine za kudurufu maelfu ya kaseti, wala haikuwa na malori wala wawakilishi mikoani. Mambo hayo yalikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wachache wa Kariakoo, ambao kabla ya hapo walikuwa wakiuza kaseti za nyimbo za Kihindi, za taarabu na za Kongo. Msambazaji alilipia kudurufu, alichapisha majalada, akaziweka kaseti sokoni. Alimlipa msanii fedha ya mkupuo, au alimpa malipo ya mwanzo na ahadi ya nyingine kwa kadiri ya mauzo. Kutoka Kariakoo katoni zilipakiwa juu ya mabasi na kwenda Mwanza na Shinyanga. Kutoka huko wachuuzi walizileta Bariadi, ama kwa njia ya Maswa ama kwa njia ya Lamadi, ambayo siku hizo ilikuwa bado ya vumbi. Mwisho wa safari ulikuwa duka la kanda lenye spika mlangoni, au turubai lililotandikwa siku ya mnada kati ya muuza viatu na muuza dawa za mifugo.

Hapo mnadani ndipo penye kiini cha habari hii. Juu ya turubai kulikuwa na kaseti za namna mbili zilizofanana kwa jalada. Moja ilitoka kwa msambazaji. Nyingine ilidurufiwa mtaani kwa mashine ya kaseti mbili, na jalada lake lilikuwa nakala ya rangi iliyopauka. Ile ya pili ilikuwa rahisi. Mkulima aliyeuza pamba Julai hakuwa na ugomvi na msanii yeyote. Alinunua wimbo ule ambao mfuko wake uliuweza. Zaidi ya hayo, mwenye duka aliweza kumkusanyia nyimbo kumi za wasanii kumi katika kaseti moja tupu, jambo ambalo hakuna lebo iliyolitoa, na ambalo kwa msikilizaji lilikuwa bora kuliko albamu halali. Basi katika kila kaseti iliyochezwa Bariadi, ni ngapi zilihesabiwa Kariakoo? Na katika zilizohesabiwa Kariakoo, ni ngapi msanii aliambiwa? Hakukuwa na karani wa kupima upya. Chama cha ushirika cha wakulima kilianza kwa mizani ya pili. Wasanii hawakuwa nayo.

Sheria ilikuwapo. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1966 ilifutwa na nyingine ya mwaka 1999, iliyounda chombo kilichoitwa wakati huo Chama cha Hakimiliki Tanzania, yaani COSOTA. Kilipoanza kazi mwanzoni mwa karne hii kilikuwa na wafanyakazi wachache na nchi kubwa. Stempu za kodi za kubandikwa juu ya kaseti na sahani za muziki, ambazo zingeweza kuwa ndiyo mizani iliyotafutwa kwa kuwa kila stempu ni hesabu, zililetwa mwaka 2013. Kwa wakati huo kaseti ilikwisha kufa. Ni vigumu kuisoma historia hii bila ya kuona uchungu kidogo mahali hapo.

Wengi husema kwamba Bongo Records iliangushwa na wizi wa kazi. Jibu hilo ni jepesi mno. Wizi ulikuwapo tangu siku ya kwanza, na lebo ilipanda juu pamoja nao; pengine kaseti za wizi ndizo zilizolifikisha jina la Juma Nature katika vijiji ambavyo msambazaji wa haki asingepeleka katoni hata moja. Anguko lilikuwa na sababu nyingine, nazo zilikuja karibu kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ilikuwa katika umbo la lebo yenyewe. Ilijengwa juu ya masikio ya mtu mmoja. Kiwanda cha pamba kikifiwa na fundi huajiri mwingine, lakini sauti ya Majani haikuweza kuajiriwa. Alipokuwa na kazi nyingi wasanii walingoja. Waliochoka kungoja walikwenda kwingine. Tena lebo iliitwa lebo, na ilikuwa na wasanii waliojulikana kuwa ni wake, lakini haikuushika mwisho wa kamba. Uuzaji ulikuwa Kariakoo na uchezaji wa nyimbo ulikuwa redioni, na redio zilipokua zikaanza pia kuandaa matamasha, kukuza wasanii wao na kuamua nani asikike. Mwaka 2011 kundi la wasanii waliojiita Vinega, Sugu akiwa miongoni mwao, liligombana hadharani na wenye nguvu hao. Wakati huo Sugu alikwisha kuchaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini, mwaka 2010. Ugomvi huo ulikuwa juu ya mizani ileile, ingawa sasa kilichopimwa hakikuwa kaseti bali dakika za hewani.

Ya pili ilikuwa kompyuta. Katika miaka ya 1990 studio ilikuwa chumba chenye vyombo vya thamani ambavyo watu wachache walikuwa navyo. Kufikia mwisho wa miaka ya 2000 kijana aliweza kutengeneza mdundo kwa kompyuta moja chumbani. Studio zikachipuka kama uyoga, na si Dar es Salaam peke yake. Mwanza yenyewe ilipata Tetemesha Records, na kijana wa Bariadi mwenye nauli ya basi aliweza kurekodi na kurudi nyumbani kwa siku mbili. Huko Dar es Salaam Sharobaro Records ya Bob Junior ilikuwa ikimrekodi mwimbaji mgeni wa Tandale aliyeitwa Diamond Platnumz. Kilichotoka humo hakikuwa kufoka. Kilikuwa kuimba, kuimba mapenzi kwa sauti laini, na wasikilizaji, hasa wanawake ambao wafokaji waliwasahau isipokuwa kwa lawama, walikipenda. Makundi nayo yalikuwa yamepasuka: mwaka 2006 TMK Wanaume waligawanyika pande mbili, Family na Halisi, na Juma Nature akawa upande wa Halisi. Kwa muda mgawanyiko ule uliuza nyimbo, kwa kuwa watu walitaka kujua nani atamjibu nani. Mzee wa Kigalu asingeshangaa. Lakini Wagalu na Wagika wana msimu. Hushindana baada ya mavuno, kisha hurudi shambani. Wasanii wa mjini hawakuwa na shamba la kurudi.

Ya tatu ilikuwa simu. Ilikuja kwanza kama rafiki, kwa biashara ya miito, ambapo mtu alikatwa fedha kidogo kidogo ili anayempigia asikie wimbo. Hapo kwa mara ya kwanza kulikuwa na hesabu kamili, kila mwito uliandikwa mahali. Ila kitabu kilikuwa mikononi mwa kampuni za simu, na wasanii wengi walilalamika kwamba fungu lao lilikuwa dogo. Kisha simu ikawa yenyewe redio, kaseti na duka. Katika mji kama Bariadi fundi mwenye kompyuta alianza kujaza nyimbo katika kadi ndogo ya simu, mamia kwa mara moja, kwa bei ndogo. Mteja hakutaja tena jina la albamu. Alisema atiwe za Kisukuma nyingi, za bongo fleva kiasi, na za dini chache kwa ajili ya mama. Katika ombi kama hilo lebo haina mahali pa kukaa.

Bongo Records haikufungwa kwa tangazo. Majani aliendelea na kazi yake, na jina lake lilibaki kuwa kipimo ambacho watayarishaji wadogo walipimwa nacho. Lakini nyimbo zilizotoka humo zilipungua, na wale waliokuwa nguzo zake walitawanyika kila mmoja na njia yake. Profesa Jay alichaguliwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, na wananchi waliokuwa wakiimba Ndiyo Mzee walipata nafasi ya kumtazama mwimbaji wake akiomba kura kwa dhati. Ngwea alifariki Afrika Kusini tarehe 28 Mei 2013, akazikwa Morogoro. Umati uliojitokeza kumwaga ulikuwa mkubwa mno, na ulileta swali ambalo magazeti yaliliuliza kwa sauti ya chini: mtu aliyejulikana na watu wengi hivi, jasho lake lilikwenda wapi?

Lebo zilizofuata zilijengwa kwa namna nyingine. WCB Wasafi ya Diamond Platnumz ilijitahidi kushika kila mwisho wa kamba, wimbo, video, tamasha, mpaka redio na televisheni yake yenyewe. Mtu anaweza kutoipenda midundo yake na bado akakiri kwamba mwanzilishi wake aliisoma vizuri habari ya waliomtangulia. Mauzo yenyewe yalihamia kwenye mitandao, ambako idadi ya waliotazama huandikwa chini ya kila wimbo, na kila mtu aweza kuisoma. Kwa hesabu ya watu, hapo umati umeonekana tena, kama ulivyoonekana uwanjani siku ya Wagika na Wagalu. Kwa hesabu ya fedha, kitabu kiko mbali zaidi kuliko Kariakoo, na mwenye kukishika hajulikani hata kwa sura.

Katika Simiyu waliofaidi zaidi mabadiliko haya si wafokaji. Ni waimbaji wa Kisukuma, watu kama Budagala na Limbu Luchagula, wanaoimba kwa kinanda na mdundo wa kompyuta katika harusi na sherehe za mavuno, wakiwataja kwa majina wenye ng'ombe na wenye pamba waliowaalika. Hao hawamngoji msambazaji. Aliyetajwa hulipa papo hapo, mbele ya watu, na kila noti inayobandikwa kipajini pa mwimbaji huonwa na uwanja mzima.

Kaseti za zama za Bongo Records zilizokuwa Bariadi hazikutupwa zote. Kaseti halali huvunjwa vijino viwili vya juu ili isiandikwe tena, na kila aliyekuwa na redio ya kaseti alijua dawa yake: huziba matundu yale kwa kipande cha karatasi ya gundi, kisha hubonyeza kitufe chekundu. Kwa njia hiyo ziko kaseti zenye picha ya mfokaji wa Dar es Salaam juu ya jalada, na ndani yake mna sauti ya ningi wa Kisukuma akiimba arusini. Ila mwishoni, utepe unapokaribia kuisha na arusi imekwisha, hubaki dakika moja au mbili za mdundo wa Majani ambazo mwandikaji hakuzifikia.